Kitabu cha Vijana na Wasomaji Wazee

Mwaka jana lilinipata jambo dogo, likanitia haya kwanza, kisha likanitia katika kufikiri. Nilikuwa nimeketi barazani kwangu saa kumi na moja jioni, kazi ya shule imekwisha, nasoma kitabu. Akapita mkubwa mmoja wa kazi yetu, aliyekuja kukagua shule za upande huu, akaniuliza nasoma nini. Nikamwonyesha. Kilikuwa *Kisiwa chenye Hazina*, nakala ya marehemu babu yangu, ambayo jalada lake limekwisha potea pamoja na kurasa mbili za mwisho. Yule bwana akacheka, akasema, "Mwalimu, mtu mwenye ndevu kama wewe wasoma kitabu cha watoto?" Wenzangu wawili waliokuwapo wakacheka pia, maana mkubwa akicheka, nani asiyecheka? Nikakifunga kitabu, nikakiweka chini ya kiti kama mtu aliyeshikwa na mahindi ya jirani.

Wala halikuisha hapo. Alipopata habari ya kuwa kitabu hicho hicho nakisoma kwa sauti kila Jumatano usiku katika darasa la watu wazima, aliandika katika daftari la shule kwamba darasa lile lipewe mambo ya maana, ama sivyo lifungwe.

Usiku ule sikulala upesi. Nilijiuliza: Kitabu hiki ni cha nani hasa? Aliyekiandika alimwandikia nani, na nani aliyekisikia kwanza? Nikaona afadhali nitafute. Haya niliyoyapata nawaletea ninyi, maana katika vijiji vyetu wako wengi waliofika mwisho wa masomo yao, wakaweka vitabu vyao juu ya dari, wakasema, "Kusoma hadithi ni kazi ya watoto." Tangu siku ile hawakushika kitabu tena ila Jumapili, au siku ya kupata barua.

Mwandishi wake ni Robert Louis Stevenson, aliyezaliwa katika mji wa Edinburgh, nchi ya Uskoti, mwaka 1850. Watu wa jamaa yake walikuwa mafundi wa minara ya taa, ile isimamishwayo kando ya bahari ili merikebu zisipande mwamba usiku. Babu yake alijenga minara, baba yake Thomas alijenga minara, na Louis naye alitazamiwa ajenge. Lakini mwili wake ulikuwa dhaifu tangu utoto, kifua kikimsumbua, na moyo wake ulikuwa katika kuandika. Ulipofika mwaka 1881 alikuwa amekwisha toa vitabu vya safari na vya mawazo, lakini hadithi ndefu hakuwahi kuimaliza hata moja. Alikuwa amemwoa mama mmoja wa Marekani, Fanny Osbourne, aliyekuja na mtoto wake wa kiume, jina lake Lloyd, mwenye umri wa miaka 13.

Mwezi wa Agosti mwaka ule jamaa wote walikaa katika nyumba ya kupanga huko Braemar, kijiji cha milimani. Mvua ilinyesha siku baada ya siku, baridi ikazidi, na mgonjwa wa kifua hana budi kukaa ndani. Mtoto Lloyd alijifurahisha kwa karatasi na rangi za maji. Siku moja ikachorwa ramani ya kisiwa. Hapo mashahidi wawili hawapatani. Stevenson aliandika baadaye ya kuwa yeye ndiye aliyeichora. Lloyd naye, alipokuwa mtu mzima, alisema kwamba yeye ndiye aliyeianza, na baba yake wa kambo akaja akaegemea begani pake, akaongeza hiki na kile, akaandika majina ya vilima na ghuba. Sisi tunaoamua kesi za watoto kila siku darasani twajua jinsi ilivyo vigumu kumpata aliyeanza. Lakini neno moja wote wawili wanalikubali: hadithi ilitoka katika ramani. Stevenson aliitazama, akaanza kuona watu wakipita kati ya ile miti ya rangi, wenye panga mikononi, wakitafuta mali iliyozikwa.

Basi akaanza kuandika kwa ajili ya mtoto, na mtoto alikuwa na sharti lake: wanawake wasiwemo. Stevenson akalishika sharti hilo, ila mama yake Jim Hawkins akapewa nafasi mwanzoni. (Nilipomweleza mke wangu habari hiyo, alisema sasa amefahamu kwa nini katika merikebu ile hapakuwa na mtu wa kuuliza kama unga utatosha.) Kila siku aliandika sura moja, na baada ya chakula cha mchana akawasomea jamaa. Katika siku 15 akapata sura 15.

Sasa nafika pale palipoufurahisha moyo wangu kuliko pote. Katika nyumba ile alikuwamo Thomas Stevenson, baba yake Louis. Alikuwa mzee wa miaka 63, fundi mkuu wa minara, mwenye heshima katika nchi, mshika dini sana, tena mtu aliyewahi kugombana vikali na mwanawe juu ya mambo ya imani. Ungalitazamia mzee wa namna hiyo achukue gazeti lake aende chumba kingine. Kumbe sivyo! Mwanawe ametuandikia siri yake: mzee yule, maisha yake yote, kila alipolala usiku alijisimulia hadithi mpaka usingizi umchukue, hadithi za merikebu, na nyumba za wageni za njiani, na wanyang'anyi, na mabaharia wazee, wala hakuzimaliza kamwe. Hivyo hadithi ya mtoto iliposomwa, aliyeitambua kuwa ni yake alikuwa yule mzee. Ilipofika wakati wa kulifungua sanduku la baharia Billy Bones, Thomas alishinda sehemu kubwa ya siku akiandika, nyuma ya bahasha ya wanasheria, orodha ya vitu vyote vinavyofaa kuwamo ndani ya sanduku. Na mwanawe akaifuata orodha hiyo. Jina la merikebu ya kale ya Kapteni Flint, yaani Walrus, lilitiwa kwa kutaka kwake.

Tazameni basi. Kabla mtoto mwingine ye yote duniani hajakisikia kitabu hiki cha watoto, mzee alikwisha kiingia na viatu vyake vyote. Baba na mwana, waliokuwa wameachana kwa maneno makali, walikaa chumba kimoja wakishauriana juu ya sanduku la haramia. Nadhani jambo hilo lilikuwa na thamani kupita fedha zote za Flint, ingawa Stevenson mwenyewe hakulisema hivyo.

Ilipofika sura ya 16 maneno yakamkauka kinywani. Wakati huo hadithi ilikuwa imekwisha ahidiwa, kwa kuwa mgeni mmoja, Dakta Alexander Japp, alizichukua sura za kwanza akampelekea mwenye gazeti la vijana la London liitwalo *Young Folks*. Ilianza kutokea tarehe 1 Oktoba 1881, mwandishi hajui mwisho wake. Alipokwenda Davos, katika milima ya Uswisi, kuutibu mwili wake, maneno yakarudi, akamaliza. Sehemu ya mwisho ikapigwa chapa tarehe 28 Januari 1882. Jina lake mwenyewe hakulitia. Alijiita Kapteni George North.

Je, wale vijana waliolisoma gazeti lile waliipokeaje? Wengi wetu tungedhani waliruka kwa furaha. Hawakuruka. Gazeti halikuongeza wasomaji kwa ajili yake. Mwaka 1883 Stevenson aliwapa wasomaji wale wale hadithi nyingine, *The Black Arrow*, ambayo leo haijulikani sana, nao wakaipenda hiyo zaidi. Tukihukumu kwa kura ya watoto peke yao, *Kisiwa chenye Hazina* kingalikufa ndani ya gazeti kama barua isiyojibiwa.

Waliokiokoa ni watu wazima. Mwezi wa Novemba 1883 kampuni ya Cassell ilikitoa kama kitabu, ikamlipa mwandishi paundi 100, naye akafurahi kama mtoto. Hata hapo mzee Thomas alikuwa na kazi. Ile ramani ya kwanza ilikuwa imepotea ilipopelekwa kwa wapiga chapa, ikawa lazima ichorwe nyingine katika ofisi ya mzee, mahali palipochorwa minara ya taa ya serikali. Thomas alikuwa na ustadi wa kuiga miandiko. Akaketi, akaghushi sahihi ya Kapteni Flint kwa uangalifu mkubwa. Mzee wa kanisa, mwenye miaka zaidi ya 60, anaghushi sahihi ya haramia! Nami nilionewa haya kwa kusoma tu.

Kitabu kikaenda mbio. Imesimuliwa ya kuwa Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, mzee aliyekwisha pita miaka 70, alikifungua akakaa nacho hata saa nane za usiku. Stevenson, ambaye hakumpenda mzee huyo katika mambo ya siasa, alinena kwamba ingekuwa heri aangalie kazi za dola. Mwaka wa pili, 1884, Henry James, mwandishi mkubwa wa hadithi za watu wazima, Mmarekani aliyekaa Uingereza, aliandika makala juu ya kazi ya kutunga hadithi, akakisifu kitabu hiki, lakini akaongeza kwamba hawezi kukipima sawasawa, kwa maana yeye alipata kuwa mtoto, lakini kutafuta hazina iliyozikwa hakupata kamwe. Stevenson akamjibu mwezi wa Desemba mwaka ule ule, ya kwamba kama hakutafuta hazina, basi hata mtoto hakuwa. Wengine wangaligombana kwa neno hilo, lakini wao wakawa marafiki mpaka Stevenson alipofariki huko Samoa mwaka 1894.

Palikuwa na mtu mwingine aliyekisoma, na huyo anatuhusu sisi Waafrika zaidi. Jina lake H. Rider Haggard. Alikuwa amefika Natal mwaka 1875, kijana wa miaka 19, akafanya kazi ya serikali kusini mwa Afrika, kisha akarudi kwao. Siku moja alikuwa akizungumza na ndugu yake juu ya *Kisiwa chenye Hazina*, akadharau sifa zake; ndugu yake akamwambia kwamba hawezi kuandika hata kitabu chenye nusu ya uzuri wake. Wakawekeana fedha kidogo. Haggard akaketi, akaandika kwa muda wa majuma sita hivi, na mwaka 1885 kikatoka kitabu chake, ambacho kwa Kiswahili chaitwa *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 31,000. Nacho kina ramani ya hazina mwanzoni, kama mwenzake, na kimetolewa kuwa zawadi kwa wavulana wote watakaokisoma, wakubwa kwa wadogo. Haggard alijua ni nani wanaonunua vitabu.

Hapa sina budi kusimama kidogo. *Mashimo ya Mfalme Sulemani* nilikisoma kwanza nikiwa na miaka 12. Nilifuata almasi tu; sikuona neno jingine. Nilipokisoma tena nikiwa mwalimu, nilifika pale Foulata, msichana mzuri aliyemwuguza Mzungu na kumpenda, anapokufa pangoni, na mwandishi anamtia kinywani maneno ya kukubali kwamba ni afadhali afe, kwa kuwa mweusi na mweupe hawawezi kuoana. Nikakiweka kitabu chini. Sikukitupa, maana kina Umbopa, mtumishi atembeaye kwa adabu safari nzima hata aonekane kuwa yeye ndiye mfalme halali wa nchi, na hilo ni jambo la kupendeza. Lakini nilijiuliza ni mambo mangapi yaliyoingia ndani yangu nikiwa na miaka 12, bila kubisha hodi. Kitabu hakikubadilika, msomaji ndiye aliyekuwa mwingine. Basi mtu akiniambia kwamba vitabu vya watoto viachiwe watoto peke yao, namwuliza, Nani atakayekaa mlangoni?

Vitabu hivi viwili vilifika katika Kiswahili pamoja, mwaka 1929, kwa kampuni ya Longmans. Frederick Johnson, aliyekuwa katika Idara ya Elimu ya Tanganyika, alikitafsiri cha Sulemani; na cha hazina alikitafsiri pamoja na E. W. Brenn. Ulikuwa wakati wa kuitengeneza lugha ya shuleni. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikuwa umechagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, Johnson akiwa katibu wake wa kwanza, kazi aliyoifanya mpaka kufa kwake mwaka 1937. Vitabu vilikusudiwa kwa wanafunzi wapate cha kusoma. Lakini vitabu, kama mbuzi, havikai vilipofungwa.

Shahidi wangu ni ile nakala ya babu. Babu yangu alikuwa seremala, wala hakukipata kitabu shuleni, bali alikinunua akiwa na watoto wanne. Katika sura ile ambamo Jim na wenziwe wanaingia katika boma la magogo kisiwani, pembeni mwa ukurasa pana mwandiko wake wa penseli, maneno mawili: "Magogo mangapi?" Chini yake pana hesabu, imefutwa, imeandikwa tena. Mtoto hahesabu magogo. Mtoto anakimbia ndani ya boma kwa kuogopa risasi. Mtu aliyekata miti mgongo ukamwuma ndiye atakayeuliza lile boma limejengwa na watu wangapi kwa siku ngapi. Kwa maneno yale mawili nimemjua babu yangu kuliko nilivyomjua kwa picha yake.

Tena mgawanyo huu wa hadithi za wakubwa na za wadogo si wa kwetu. Nani kati yetu aliyesikia usiku, "Paukwa!" na watu wazima wakafukuzwa? Bibi alisimulia, mama akipepeta, baba akijifanya hasikilizi, na ilipofika pa kucheka, yeye ndiye aliyecheka kwanza. Askofu Edward Steere aliyapata haya haya Unguja. Kitabu chake cha hekaya za Waswahili, kilichotoka mwaka 1870, ndani yake mna paa asemaye na sultani apumbazwaye, na hizo ni hadithi za baraza zima. Abunuwasi naye, mtoto anamcheka kwa hila zake. Mzee anamcheka kwa sababu amewahi kusimama mbele ya liwali.

Huko Ulaya na Marekani mgawanyo umetengenezwa sana na wauzaji wa vitabu, ambao hawana budi kujua kila kitabu kikae rafu gani. Watu wazima wakauvuka, lakini wengine kwa haya kama yangu. *Harry Potter* cha kwanza kilipotoka Uingereza mwaka 1997 na kupendwa, mwaka wa pili wapiga chapa walikitoa tena kwa jalada jingine, la watu wazima, maneno ya ndani yale yale. Na uchunguzi wa kampuni ya Bowker, mwaka 2012, ulionyesha kwamba katika Marekani, kwa kila wanunuzi 100 wa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya vijana wa miaka 12 hata 17, wanunuzi 55 walikuwa wamepita miaka 18, na kundi lililo kubwa lilikuwa la wenye miaka 30 hata 44. Ndilo rika langu. Laiti ningaliyajua hayo siku ile barazani!

Lakini sitaki kumdhulumu yule mkaguzi. Neno lake lina haki kidogo. Wako watu wanaokimbilia hadithi za vijana kwa kuchoka na utu uzima. Wanataka ulimwengu ambamo mwovu ana kovu usoni na mwema ni mrembo. Mtu akisoma hivyo maisha yake yote, amejilisha sukari. Ila *Kisiwa chenye Hazina* si kitabu cha namna hiyo. Adui aliye mkubwa ndani yake ni Long John Silver, mpishi wa merikebu, mwenye mguu mmoja na kasuku begani, naye ndiye mtu mchangamfu kuliko wote. Huweka jiko lake safi. Humwita Jim kwa upole, humweleza habari za tanga na upepo. Bwana Trelawney, mwenye mali, ambaye hawezi kuficha siri hata akijaribu, amemchagua yeye mwenyewe, na kwa kumsikiliza amejaza merikebu yake wanyang'anyi. (Bwana Trelawney nimekwisha mwona akiwa mwenyekiti wa kamati zaidi ya moja.) Mtoto humwogopa Silver kwa sababu ya kisu chake. Mtu mzima humwogopa kwa sababu anampenda, hata baada ya kujua.

Sasa nirudi kwa darasa langu la Jumatano. Tangu yule bwana aandike katika daftari, nilifanya kama nilivyoagizwa. Jumatano iliyofuata niliwapelekea kitabu cha mbolea, kitabu chenye manufaa kabisa, nami sikidharau. Walikuwapo watu 14. Nikasoma kurasa sita. Nilipofika mwisho wa habari ya samadi, mzee mmoja mfuga ng'ombe, aliyejifunza herufi akiwa na wajukuu, aliinua mkono, akasema, "Mwalimu, mbolea tumeisikia, nasi tunashukuru. Yule wa mguu mmoja amefika wapi?"

Nikatazama mlango. Kisha nikakitoa kitabu mfukoni, maana nilikuwa nacho.

Tulikuwa tumefika pale Jim anapoingia katika pipa la matofaa, naye akiwa humo ndani ya giza Silver anakuja kuketi karibu, anaanza kumvuta baharia kijana aingie katika njama. Jim anasikia Silver akimsifu kijana yule kwa maneno yale yale aliyokuwa akimsifia yeye. Sipendi kujisifu kwa kusoma, lakini pale hata aliyekuwa akikohoa alinyamaza. Nilipomaliza, yule mzee alikaa kimya kwa muda. Kisha akanena polepole, "Mtu huyo namjua." Akatuhadithia habari tuliyoijua nusu yake tu kijijini: mshirika wake wa biashara ya ng'ombe, jinsi alivyokuwa mkarimu, jinsi alivyowapenda watoto wake, jinsi alivyomwambia, "Mzee, katika watu wote wa minada hii, wewe peke yako ndiwe mwenye akili." Baada ya mwaka, ng'ombe walipokwisha kwenda, alikutana na wawili wengine waliokuwa wameibiwa. Kila mmoja aliambiwa neno hilo hilo. "Kuibiwa niliweza kustahimili," akasema. "Lile neno kuambiwa wengine ndilo lililoniuma."

Hakuwa amelisema mbele ya watu miaka tisa.

Tuliendelea Jumatano nne nyingine: mbolea kwanza, kisha kisiwa. Tulicheka pamoja juu ya Ben Gunn, aliyeachwa kisiwani miaka mitatu akaota jibini usiku. Tulifika shimoni, wakakuta shimo tupu. Kwa kuwa kurasa mbili za mwisho hazimo katika nakala yangu, mwisho niliusimulia kwa kichwa: kwamba katika bandari moja njiani Silver alitoroka usiku na mfuko mmoja wa fedha, wala hakuonekana tena.

"Hakushikwa?" akauliza mzee.

"Hakushikwa."

"Mfuko mmoja tu?"

"Mmoja."

Akafikiri. "Wangu alichukua ng'ombe saba," akasema, na watu wote wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, mpaka akajifuta macho.

Baadaye aliniomba kitabu aende nacho nyumbani. Nilijua husoma kwa kidole, neno kwa neno, nikamwambia asifanye haraka. Alikaa nacho miezi miwili. Aliponirudishia nilikuta amekitia jalada la ngozi ya mbuzi, na mwishoni ameshona, kwa uzi wa kushonea viatu, karatasi mbili za daftari. Ameandika humo kwa mkono wake, herufi kubwa zinazopanda na kushuka, ule mwisho kama nilivyousimulia: bandari, usiku, mfuko mmoja. Yapo makosa matatu ya herufi. Sikuyasahihisha.

Mkaguzi hajarudi bado. Atakapokuja nitampa kitabu akishike.